Aibu ya Alumini

Vijana wangu, kwa zaidi ya miaka thelathini, nikiwa na akili timamu na meno yangu yote, niliamini kwamba alumini ina aibu.

Sisemi kwa mafumbo. Niliamini kwamba alumini ikishayeyuka, mwanamke akikaribia tanuri, ile alumini inaona haya. Inajikunyata. Inakataa kuingia kwenye pembe za kalibu, yaani lile sanduku la mchanga lenye nafasi ya umbo la sufuria. Ukilifungua unakuta sufuria lina matundu kama chujio la chai. Nimefukuza wanawake kwenye tanuri langu hapa Kitale wengi kuliko mahindi ya Trans-Nzoia. Nilimfukuza naibu wa chifu. Nilimfukuza mamangu mzazi, aliyeniletea viazi vitamu, na viazi akarudi navyo.

Habari hii niliipata Bungoma mjini, nilipokuwa najifunza kazi kwa Mzee Swaleh. Karakana yake ilikuwa nyuma ya msikiti, na hakuna mtu kutoka Mlima Elgon mpaka Ziwa Victoria aliyejua kuyeyusha kama yeye. Mwenzangu pale aliitwa Mukhwana, mtu wa Kabuchai, mrefu kama mlingoti wa stima. Siku moja sufuria langu la kwanza lilitoka na matundu, nikakaa chini nikitaka kulia.

"We Balasa," Mukhwana akaniambia, maana jina langu ni Barasa, na kwetu r na l huazimana viti, "si kuna mama alisimama hapo mlangoni ukimwaga? Hujui arumini ni kama bwana harusi? Akina mama wakiikazia macho, inashindwa kutembea."

"Nani amekuambia?"

"Si ni kitu inajulikana, bana!"

Vijana, mkisikia mtu anasema "ni kitu inajulikana", shikeni kofia zenu. Mimi sikushika yangu. Kesho yake nikapata ushahidi kwa macho. Mama mmoja alikuja kuuliza mfuniko wa birika. Mzee Swaleh, mtu ambaye hata mvua haikumsimamisha kazi, aliweka koleo chini, akachukua kopo lililotobolewa kwa msumari, akanyunyiza maji huku na huku, ndipo akasema, "Karibu, mama." Akaja mwingine mchana. Kopo, maji, karibu mama. Nikajiambia, naam, anaosha aibu. Sikumuuliza. Enzi zile kumuuliza fundi sababu ilikuwa kama kumuuliza mama mkwe umri wake.

Mzee Swaleh hakufundisha kwa mdomo. Alifundisha kwa kukunyang'anya kitu mkononi. Ukiwa unakoroga mchanga wa kalibu, alikuja, akachota ngumi moja, akaukaza, akaufungua mkono. Kama mchanga ulisimama na alama za vidole, ukakatika vipande viwili safi, alienda zake. Kama ulimwagika, ulikuwa mkavu. Kama ulimwachia tope kiganjani, alikupaka usoni. Nilipakwa sana. Kuna wiki ambayo ngozi yangu ilikuwa nusu Barasa nusu mto Nzoia.

Na maji hayo, jamani! Siku moja nilitupa pistoni kuukuu kwenye chungu cha alumini iliyoyeyuka. Ilikuwa imelala nje kwenye mvua, na ndani ya tundu lake kulikuwa na maji labda kijiko kimoja. Ililia kama bunduki. Alumini ikaruka mpaka kwenye mabati, kofia yangu ikawaka, na mimi nikajikuta nimekaa upande wa pili wa barabara bila kukumbuka kuivuka. Mzee Swaleh alinifuata pole pole, akaniangalia miguu, miwili, akaniangalia macho, mawili, akasema, "Maji na chuma moto havikai nyumba moja." Tangu siku hiyo kila kipande nilikikausha pembeni mwa tanuri kabla ya kukitumbukiza. Nanyi mfanye hivyo. Na mvae buti, msivae sandali. Kidole cha mguu hakiagizwi kutoka Nairobi.

Sasa mtauliza: Barasa, ulijua maji na chuma moto ni maadui, na bado? Subirini. Kichwa cha binadamu kina vyumba vingi, na vingine havina mlango wa kupitana.

Nilipotoka kwa Mzee Swaleh nikafungua karakana yangu Kitale, nikaona niiboreshe sheria yake. Yeye alinyunyiza tu huku na huku. Mimi nilinyunyiza kalibu yenyewe. Mwanamke akipita, natoa kitawi cha mwarobaini, nachovya, mara tatu juu ya mchanga, ndipo namwaga. Na kweli, kila alipopita mwanamke, sufuria lilitoka na matundu. Kila siku bila mwanamke, sufuria zima. Ushahidi gani mwingine nilihitaji? Siku ya soko, akina mama wakipita na vikapu tangu alfajiri, nilikuwa natengeneza machujio matupu.

Nikiwa na miaka arobaini na kitu niliingia gumbaru, shule ya jioni ya watu wazima. Nilikaa kwenye dawati la watoto wa darasa la tatu, magoti yakigusana na masikio. Mwalimu wetu alikuwa binti mdogo kuliko shati langu, lakini alikuwa na vitabu. Aliposikia kazi yangu, akanipa cha historia ya madini nikisome kwa sauti, ukurasa mmoja kila jioni. Nilisoma nusu mwaka. Wenzangu walijifunza subira.

Na hapo ndipo nilijua mimi si fundi wa sufuria tu. Mimi ni mjukuu wa watu wa maana. Kulikuwa na wakati dunia nzima haikuwa na hata sindano ya chuma. Mtu akakuta jiwe la kijani, likapikwa motoni, shaba ikatoka. Mwingine akachanganya shaba na bati, zote mbili laini, zikazaa kitu kigumu kuliko wazazi wote wawili. Wanadamu wakaenda nchi za mbali kutafuta bati, kama nyinyi mnavyotafuta mtandao. Kisha chuma. Kule Meroe, nchi ya Sudan, waliyeyusha chuma mpaka mabaki yake yakawa vilima, na vilima vipo hadi leo. Ng'ambo ya ziwa letu, Wahaya walijenga matanuri ya udongo ambayo maprofesa walikuja kuyakunia vichwa. Na huku kwetu Bungoma mababu walivukuta moto kwa mifuko ya ngozi ya mbuzi, wakatoa majembe na mikuki.

Alumini je? Huyu ndiye mtoto wa mwisho. Amejaa kwenye udongo dunia nzima, lakini ameng'ang'ania mawe hivi kwamba moto peke yake haumtoi. Mpaka stima ilipopatikana. Kabla ya hapo alikuwa ghali kushinda dhahabu. Inasemekana mfalme mmoja wa Ulaya aliwapa wageni wake wakubwa vijiko vya alumini, na wale wa kawaida wakavumilia vya dhahabu. Siku niliyosoma hayo nilienda nyumbani nikamwambia mke wangu, "Shika hilo sufuria la githeri kwa heshima." Akaniambia nilioshe kwa heshima hiyo hiyo.

Lakini ukurasa ulionifurahisha kupita yote ni ule wa miiko. Kumbe wachimbaji wa Uingereza walikataza mtu kupiga mluzi ndani ya shimo! Kumbe kwenye milima ya Amerika Kusini walisema mwanamke akiingia mgodini, fedha inatoweka mwambani! Nilipiga dawati likapasuka. "Mnaona? Mnaona? Hata Wazungu wanajua!"

Mwalimu akafunua ukurasa wa pili. "Mzee Barasa, soma na hapa. Wanawake wa Uingereza ndio waliokuwa wakivunjavunja mawe ya shaba kwa nyundo juu ya shimo. Na sehemu nyingi za Afrika tanuri lenyewe lilijengwa kama mwanamke, na matiti kabisa, na chuma kikaitwa mtoto wake. Sasa hiyo aibu inatoka wapi?"

Nikafikiri kidogo. "Ndiyo maana hataki mwingine karibu, mwalimu. Ni wivu wa mke mwenza."

Darasa lilicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia. Nilienda nyumbani nikijua nimeshinda.

Sasa niwaambie kuhusu Wanjiru. Babu yake alitoka Mkoa wa Kati akapata shamba huku Trans-Nzoia, lakini Wanjiru shamba halikumtosha. Alisukuma mkokoteni wa vyuma kuukuu mtaa kwa mtaa na kuniletea alumini. Kazi hii ina watu wa mizani na watu wa masikio, na yeye alikuwa wa masikio. Aligonga kipande kwa kijiti. "Hii ni pistoni, Mzee, ngumu, weka chache. Hii ni fremu ya dirisha, safi. Hii imechanganyika na zinki, ukiiweka utanikumbuka." Niliiweka mara moja. Nilimkumbuka.

Mbele ya karakana nilikuwa nimechora mstari wa majivu, hatua ishirini kutoka kwenye tanuri. Wanawake walikomea pale. Wanjiru alipomaliza kuleta mzigo, aligeuza ndoo, akaikalia upande wa pili wa mstari, akanywa chai akitazama. Miaka sita alitazama. Mimi nilidhani anapumzika.

Kisha mgongo wangu ukaanza kunisengenya, na macho yakachoka na mwanga wa moto. Kijana wangu mmoja ni mwalimu, mwingine anauza simu. Wafanyakazi walikwenda kwenye bodaboda. Nikatangaza kwamba mwisho wa mwaka nafunga, tanuri nalivunja, vyuma vyake viende na mkokoteni. Nilisema kwa kelele kama mtu anayetania.

Kesho yake Wanjiru alisimama kwenye mstari wa majivu. "Mzee, usivunje. Nipe mimi."

"Uuze?"

"Niyeyushe."

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Wanjiru, haiwezekani. Alumini ina aibu."

Aliniangalia kama mtu anayeangalia ng'ombe aliyepanda juu ya paa. "Na hizo sufuria zikifika jikoni, nani anazishika?"

"Zikiwa baridi ni sawa. Zikiwa moto ndiyo shida."

"Mzee, sufuria jikoni huwa ni moto."

Nikatafuta hoja nyingine. Nikamwambia kwamba hata kama ningetaka, moto si wangu peke yangu. Mzee Swaleh alipotuachia kazi alitushika mkono juu ya tanuri lililozimwa na kutuambia: yeyote mtakayemrithisha moto huu, mniletee nimwone kwanza. Mzee bado yuko Bungoma, na hawezi kukubali. Wanjiru akasema, "Basi tutampelekea." Akaondoka na mkokoteni wake mtupu.

Wiki hiyo hiyo ikaja kazi yangu ya mwisho. Shule moja ya bweni kule Tongaren ilitaka sufuria tano za ugali, kubwa, za kutosha mtoto kuogelea. Nikamwaga la kwanza. Ilikuwa siku ya soko, mama akapita na kuku, nikanyunyiza. Matundu. Nikamwaga la pili. Mama wa nyanya. Matundu. Mtunza stoo wa shule akapiga simu: wanafunzi wanafungua Jumatatu, kama sufuria hazitakuwa zimefika watanunua za kiwandani, na Barasa hataitwa tena. Yaani nistaafu na machujio! Watu wa Tongaren wanikumbuke kwa ugali uliozima moto!

Wanjiru alikuwa kwenye ndoo yake, chai mkononi. "Nipe kalibu moja tu," akasema. "Likitoboka, sitakuuliza tena. Nitaleta vyuma mpaka ufunge, nitanyamaza. Likitoka zima, tanuri usilivunje, unipeleke Bungoma."

Nilikubali haraka. Kusema kweli nilikubali kwa sababu nilijua nitashinda. Akavuka mstari wa majivu.

"Jambo moja, Mzee. Hicho kitawi chako kiweke mbali."

"Bila kuosha?"

"Bila."

Akachota mchanga, akaukaza kwenye ngumi, akafungua. Ukakatika vipande viwili safi. Sikumfundisha, aliiba kwa macho. Akabonyeza mchanga kuzunguka sufuria la mfano, akalitoa taratibu kama mtu anayemtoa mtoto aliyelala mgongoni. Akarushia chumvi kidogo kwenye chungu cha moto, uchafu ukapanda juu, akauengua. Kisha tukashika vishikio vya chungu, yeye mbele mimi nyuma. Alumini ilikuwa inang'aa kama mwezi uliokasirika. Alimimina bila kusita na bila kuharakisha, mkondo mmoja, kama uji wa mgonjwa. Nikangoja ione haya.

Tulipolifungua, nililigeuza juani nikatafuta tundu. Nikatafuta tena. Nililigonga kwa kijiti likalia kama kengele ya kanisa la Lugulu.

"Ni bahati," nikasema.

"Sawa. Tufanye mawili." Akatengeneza kalibu mbili, mchanga mmoja, chungu kimoja, yeye amesimama palepale. Moja akaniambia, "Nyunyiza unavyonyunyizaga." Nyingine akaiacha. Mnajua kilichotoka. Lile nililoliosha, mvuke wa yale maji ulikuwa umelitoboa kama nzige wamepita. Lililoachwa lilikuwa zima. Alinipa tu kile kijiti nigonge mwenyewe.

Vijana, kukosea kunauma kidogo, lakini kukosea miaka thelathini kunakaa kama pistoni kooni. Nilikaa kwenye ndoo yake. Nikawahesabu wanawake niliowafukuza, nikafika kwa mamangu na viazi vyake, nikaacha kuhesabu. Wanjiru akaniletea chai. "Mzee, bado matatu ya Tongaren," akasema. Tukayamaliza Jumamosi.

Jumapili nikampeleka Bungoma, kama nilivyoahidi. Njia nzima nilikuwa na hofu. Mchanga ni mchanga, lakini Mzee Swaleh ni Mzee Swaleh. Kama angekataa, mimi nisingeweza kumpinga, na tanuri lingevunjwa.

Tulimkuta kwenye baraza ya nyumba yake, ametoka kuswali alasiri, anakula njugu na kubishana na redio. Macho yake yalikuwa yamekwisha karibu yote.

"Shikamoo, Mzee," Wanjiru akasema.

"Marahaba. Sauti ya nani hii?"

"Anaitwa Wanjiru," nikasema. "Nimekuletea umwone. Ndiye anataka moto."

Nilingoja radi. Mzee alinyoosha mkono tu. Wanjiru akampa mfuniko aliomwaga mwenyewe. Mzee akaupapasa ukingoni, akaugonga kwa kucha, akauweka sikioni, akauliza, "Aliyemwaga hii ni yeye au wewe?"

"Yeye."

"Nilijua. Mkono wako wewe ulikuwa unatetemeka. Hapa pamelingana mpaka mwisho." Akamtafuta Wanjiru mkono, akaushika kama alivyonishika mimi zamani. "Moto ni wako, binti yangu. Usivae sandali."

Ndivyo ilivyokuwa, jamani, maneno machache namna hiyo. Leo ukipita Kitale utaona moshi. Ana wanafunzi watatu, wawili wasichana, na wamefunga feni ya stima ya kupuliza moto badala ya gurudumu la baiskeli nililosukuma mpaka goti likachakaa. Mstari wa majivu waliufagia wao. Mimi huenda kunywa chai pale kwenye ndoo, na kama nanyi mnataka kazi ya mikono, njooni. Mkikaribishwa, ulizeni. Ulizeni mpaka mchokwe. Fundi hafi kwa kuulizwa.

Lakini siku ile sikuweza kuondoka na swali langu tumboni. "Mzee," nikasema, "na ile sheria?"

"Sheria gani?"

"Ya wanawake. Ya kuosha aibu."

Akaacha kutafuna. "Aibu ya nani?"

"Ya alumini. Mwanamke akija, si ulikuwa unachukua kopo unanyunyiza maji kwanza? Nami nikawa nanyunyiza. Kwenye kalibu."

"Kwenye kalibu? Maji?"

"Ndiyo, Mzee."

"Kwa muda gani?"

"Tangu nilipotoka kwako."

"Ya Rabi," Mzee Swaleh akasema. Wanjiru alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanamtikisika. Mzee alizima redio, akanigeuzia yale macho yake yasiyoona, akasema pole pole, kama anayesema na mtoto:

"Barasa, wale mama walikuja na nguo safi, na uani kwangu kulikuwa na vumbi. Nilikuwa nazima vumbi."